Soketi Iliyofunikwa Chumbani kwa Kemunto

Mimi si mtu wa mizimu. Nataka ulijue hilo kwanza. Nililelewa Kisabato, nikasoma hadi chuo kikuu, na mtu akiniambia ameona kitu njiani humuuliza kama alikuwa amekula. Kwa hivyo haya ninayokusimulia nayasimulia kwa shingo upande, na ningefurahi sana kama yasingetokea. Lakini yalitokea. Yalitokea nyumbani kwetu Sironga, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, macho yangu yakiwa wazi na mwanga wa mchana ukiwa dirishani. Sina giza la kulisingizia.

Mama alipofariki, nilirudi nyumbani kuishi na baba. Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu. Tata alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Hata akisoma gazeti hushika kalamu nyekundu. Hana maneno mengi, na akisema jambo limesemwa. Jina langu hulitaja kama mtu anayeita sajili ya darasa.

Kazi yangu ni ya mtandaoni. Natumiwa rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo, nazisikiliza, naandika kila neno, narudisha. Bila intaneti sina kazi. Bahati nzuri nyumba yetu ilikuwa na laini ya simu ya mezani tangu zamani, kwa sababu ya cheo cha Tata, na baadaye kampuni ikaanza kupitisha intaneti kwenye nyaya zile zile. Ruta ilikuwa sebuleni karibu na mlango wa mbele, imechomekwa kwenye soketi ya simu ukutani. Mimi nilifanyia kazi chumba cha nyuma kabisa. Kati yangu na ruta kulikuwa na kuta tatu za matofali ya kuchoma, na unajua mvua za huku kwetu. Kila alasiri ikianza kupiga mabati, mtandao chumbani kwangu ulikufa.

Chumba hicho cha nyuma kilikuwa cha dada yangu Kemunto. Yeye ndiye kifungua mimba wetu, na baina yetu kuna miaka kumi. Alipoondoka nyumbani nilikuwa mtoto wa miaka saba, naishi kwa nyanya kule Birongo. Niliporudi likizo nikaambiwa, "Kemunto ameenda." Nikiuliza ameenda wapi, mama aliinuka akaenda jikoni. Nikakoma kuuliza. Miaka ikapita, jina lake likawa halitajwi katika nyumba ile. Hata mama tulimzika bila yeye.

Basi nilimpigia simu fundi wa kampuni nikamweleza shida yangu. Akaniambia jambo rahisi: "Kama kuna soketi nyingine kwenye laini hiyo hiyo, hamisha ruta tu. Chomoa pale, chomeka huku. Hata hunihitaji."

Ijumaa ile, tukila chakula cha jioni, nikamuuliza Tata.

"Tata, nyumba hii haina soketi nyingine ya simu?"

Kijiko kilisimama njiani. "Haina."

"Hata kule chumba cha nyuma?"

"Nimesema haina."

Akaendelea kula.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Tata alivaa suti, akachukua Biblia na mwavuli, akaenda kanisani Nyamira kama kawaida yake, ambapo hukaa hadi jioni. Mimi nilimwambia kichwa kinaniuma. Uongo. Nilikuwa na rekodi ya saa mbili iliyotakiwa kurudishwa siku hiyo hiyo. Naam, nilimdanganya baba yangu na kuivunja Sabato kwa mkupuo mmoja, na usifikiri sijalifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile.

Saa nane na nusu mvua ilianguka. Haikuwa mvua tu, ilikuwa mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai na kuacha mashamba kama yametafunwa. Mtandao ukakatika. Nikaenda jikoni kuchemsha chai nikingoja ipite, na nilikuwa nimeinama kwenye jiko la gesi nilipousikia mlango wa nyuma ukifunguka.

Ni Tata. Alikuwa na suti yake. Nikashtuka, nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea kuhusu kichwa.

"Pole na kichwa, mwanangu," akasema.

Nisikilize vizuri hapa. Tata hajawahi kuniita mwanangu. Na sauti ilikuwa yake kabisa, ila ilikuwa imelainika, kama mtu aliyetoka kulia na sasa ametulia. Tena viatu vyake vilikuwa vikavu. Niliviona, nikavitazama, na mawe yalikuwa yanapiga bati hata hatusikilizani vizuri. Mbona sikuuliza? Nimejiuliza swali hilo hadi nimechoka. Nadhani nilikuwa nimefurahi kwamba hakunikaripia.

Alinipita akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Nikamfuata. Ukutani kuna kabati la nguo la mti wa mvule, zito, lililoletwa na watu wanne. Alilishika pembeni kwa mkono mmoja akalisogeza kama mtu anayefungua pazia. Kisha akagonga ukuta kwa kidole, chini karibu na sakafu.

"Hapa," akasema. "Toboa."

"Tata, si ulisema hakuna?"

"Nilisema."

Nikaleta kisu cha jikoni, nikapiga magoti, nikaanza kuchokoa. Kumbe pale plasta ilikuwa ya juujuu, imepakwa rangi ikafanana na ukuta wote. Vipande vilianza kuanguka. Akasema nyuma yangu, "Taratibu. Usiumize." Nikafikiri anazungumzia mkono wangu. Siku hizi sina hakika.

Ikatokea soketi ya simu ya zamani, nyeupe iliyogeuka manjano, imejaa vumbi la saruji. Nikaipuliza. Nikaenda sebuleni, nikachomoa ruta, nikaileta na waya wake. Nikachomeka umeme. Nikachomeka ule waya mwembamba wa simu, ukalia tak. Taa ya laini ikapepesa, ikapepesa, ikatulia kijani. Mtandao ukawa na nguvu ambayo sijawahi kuiona tangu nirudi nyumbani, na mvua ilikuwa bado haijapungua hata kidogo.

Nikainuka nikaenda hadi mlangoni, nikageuka kumshukuru. Alikuwa ameketi kitandani, amenipa mgongo, uso umeelekea ile soketi, mikono juu ya magoti.

"Sasa nitasikika," akasema.

Nikacheka kidogo, maana sikuelewa. Nikasema ngoja nikuletee chai. Nikaenda jikoni, na simu yangu ya mkononi ikaanza kuita mezani.

Niliangalia kioo. Ilikuwa Tata anapiga.

Nikapokea. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakiimba wimbo wa kanisani na mvua ikipiga bati kubwa.

"Umemwingiza ndama?" akauliza. "Mvua ya mawe imetufungia huku. Nitachelewa."

Nikashika meza. "Tata, uko wapi?"

"Niko wapi tena? Kanisani. Una nini?"

Na hapo ndipo nilipoisikia ile sauti kutoka chumba cha nyuma, ikipenya kelele za mawe. Ilikuwa inaongea polepole, inanyamaza, inaongea tena, kama mtu aliye kwenye simu na anayemsikiliza mwenzake. Sikupata kila neno. Nilipata haya: "Nisamehe, mwanangu." Kisha kimya. Kisha: "Chumba chako kiko wazi. Njoo."

Tata kwenye simu alikuwa anasikia pia.

"Nani huyo anaongea hapo?" akauliza.

Nikageuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema polepole, akijiambia mwenyewe. Kisha akapaza sauti ambayo sijamsikia nayo maishani: "Toka nje! Toka nje sasa hivi!"

Nilitoka mbio bila viatu. Mawe yalinipiga kichwani na mabegani hadi nilipofika kwa jirani yetu, Mama Bosibori. Yeye ni Mkatoliki, Jumamosi huwa nyumbani. Nilimwambia kuna kitu chumbani chenye sura na sauti ya Tata. Alichukua rozari mkono mmoja na panga mkono wa pili, tukarudi pamoja.

Chumbani hakukuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimebonyea pale alipoketi. Sakafuni palikuwa na vumbi jeupe la plasta, na alama za miguu zilizokuwemo ni zangu peke yangu. Ruta ilikuwa inawaka kijani. Mama Bosibori alilisukuma lile kabati alirudishe mahali pake, nami nikamsaidia kwa bega. Halikusogea hata upana wa kidole.

Akalitazama kabati, akanitazama mimi. "Hii ni ebirecha," akasema kwa sauti ya chini. Ndivyo tunavyowaita wale wa upande wa pili, mizimu ya waliokufa. "Lakini baba yako yu hai. Sijawahi kusikia ya mtu aliye hai."

Tata alifika jioni akiwa amelowa hadi magotini. Alisimama kwenye mlango wa chumba kile, hakuingia. Aliitazama ile soketi muda mrefu. Kisha akamshukuru Mama Bosibori, akamwomba atuache, akaketi sebuleni na koti lake lililolowa.

"Nani alikuonyesha?"

"Wewe," nikasema.

Akafunga macho. Kisha akanieleza, na nakuapia sijawahi kumwona akitafuta maneno hivyo.

Kemunto alipata mimba akiwa kidato cha tatu, katika shule ambayo Tata mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu. Alimfukuza shuleni, na jioni hiyo hiyo akamfukuza nyumbani. Wakati huo kulikuwa na simu ya pili katika chumba cha nyuma. Baada ya miezi kadhaa aligundua kwamba Kemunto hupiga simu siku za Sabato, yeye akiwa kanisani, na mama hujifungia chumbani humo na kuongea naye. Aliing'oa simu ile, akakanda saruji kwa mikono yake, akaifunika soketi na kusogeza kabati mbele yake. Mama alisimama pale akitazama.

"Akapiga mara moja tena," Tata akasema. "Hapa sebuleni. Nilipokea mimi. Alisema, 'Tata, ni mimi.' Nikamwambia amekosea namba."

Mvua ilikuwa imekwisha. Nilimletea chai, tukaketi mpaka ikapoa.

Kama kisa kingeishia hapo, pengine ningekuwa nimeshakisahau. Ningesema nilikuwa nimechoka, nimefanya kazi kupita kiasi. Lakini kesho yake, Jumapili, kama saa tano asubuhi, nilikuwa nafagia majani yaliyopigwa na mawe uani nilipomwona mwanamke amesimama langoni na begi. Ana uso wa mama. Mikono ya mama pia. Huhitaji kuambiwa.

"Wewe ndiye mdogo wangu?" akauliza, na akaanza kulia kabla sijajibu.

Alikuwa Kenyenya miaka hiyo yote. Kenyenya! Ni safari ya asubuhi moja tu. Ana cherehani sokoni, anashona sare za shule. Mwanawe yuko chuo cha ualimu. Nikamuuliza imekuwaje leo.

"Si Tata alinipigia jana," akasema.

Akatoa simu yake akanionyesha. Jumamosi, saa tisa na dakika chache. Namba ilikuwa ya nyumbani, ile ya laini ya mezani, aliyoijua kwa kichwa tangu utotoni. Nakumbusha tu: simu ya mezani yenyewe tuliitupa zamani, kwenye laini ile kulikuwa na ruta peke yake. Na namba ya Kemunto hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa nayo.

"Aliniomba msamaha," Kemunto akasema. "Alilia. Tata alilia! Aliniambia chumba changu kiko wazi."

Nyuma yangu mlango ulifunguka. Tata alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amesikia.

Ukiacha ile soketi na ile simu ya Kemunto, unamjua mtu ambaye hajawahi kusema uongo? Baba yangu aliwahi kurudi dukani mwendo wa nusu saa kurudisha chumvi aliyopewa kwa makosa. Nilimtazama usoni nikajua anataka kusema, "Si mimi niliyepiga." Niliyaona maneno yakipanda. Kemunto alikuwa ameweka begi chini, amefungua mikono nusu, anangoja. Moyoni nikaomba: Tata, leo danganya. Mara hii moja tu.

Tata akasogea pembeni ya mlango.

"Karibu ndani," akasema.

Hilo tu. Hakusema nisamehe. Hakulia. Lakini Kemunto hakuona kasoro, kwa sababu kwake hayo yalikwisha kusemwa jana yake.

Jumatatu fundi alikuja, maana sikutaka ruta ile ikae chumbani humo hata siku moja zaidi. Alifungua ile soketi kwa bisibisi, akachungulia, kisha akaniita.

"Dada, ulisema ulichomeka hapa ikafanya kazi?"

"Ilifanya. Hata sasa hivi inawaka."

Akanionyesha. Nyuma ya soketi kulikuwa na nyaya mbili fupi kama kidole, zimekatwa, ncha zimeota kutu ya kijani. Hazikuunganishwa na chochote. Akatoka nje akaufuata waya wa laini kutoka kwenye nguzo hadi sebuleni: hakuna tawi lolote linaloelekea nyuma. Alipoingia tena chumbani taa ya ruta ilikuwa imezimika. Alifunika tundu kwa kifuniko cha plastiki, akairudisha ruta sebuleni, akaondoka haraka bila hata kunywa soda niliyomfungulia. Siku hizi mvua ikinyesha mtandao wangu unakatika kama zamani, na sijalalamika tena kwa mtu yeyote.

Kemunto alikaa. Huenda Kenyenya katikati ya wiki kushona, anarudi Ijumaa. Analala chumba chake. Ukimtazama utasema ni mtu aliyeponywa. Mimi nilianza kuamini kwamba labda lile lililokuja lilikuwa jema. Mbona baya lilete msamaha?

Mpaka siku moja tukichambua mboga za chinsaga jikoni, aliponiambia, akitabasamu:

"Tata amebadilika sana. Mvua ikinyesha huja kuketi nami chumbani. Anakaa pale kitandani, mikono magotini, ananiuliza habari za miaka ile yote. Hata jana alikuja."

Jana yake, mvua ilipokuwa inanyesha, mimi na Tata tulikuwa zizini tukimtibu ndama. Tulikuwa pamoja muda wote. Na tangu siku ile ya plasta Tata hajawahi kukikanyaga chumba kile. Akitaka kitu kutoka humo hunituma mimi.

Sikumwambia Kemunto. Niliendelea kuchambua mboga.

Nilimwambia Tata, na ningalijua ningalinyamaza. Amekonda. Jioni moja alijikaza, akaenda hadi kwenye mlango wa Kemunto kumwambia mwenyewe kile ambacho hajawahi kumwambia. Nilimsikia akianza, "Kemunto, nataka..." Naye Kemunto akamkatiza kwa upole, "Tata, si ulishaniomba? Yaliisha. Nenda ukapumzike." Alirudi sebuleni akaketi. Akaniambia, "Nimechelewa. Amepata mwingine." Sasa huongea kidogo hata kuliko zamani, kana kwamba anaiogopa sauti yake mwenyewe.

Nami nimekuwa mtu wa ajabu katika nyumba ya baba yangu. Nikimkuta Tata ameketi amenipa mgongo, siingii. Nasimama mlangoni nangoja ageuke, namtazama viatu, nasikiliza ataniitaje. Akiliita jina langu kwa ukali, nashukuru Mungu.

Nikuulize, nifanye nini? Nimwambie dada yangu kwamba anayemfariji si baba yake? Baada ya miaka yote ile? Wachungaji wawili wameomba katika nyumba ile, na siku zote mbili jua lilikuwa linawaka, na jua likiwaka hakuna kinachotokea.

Kwa hivyo nakuonya. Ukihamia nyumba, au ukirudi kwenu, ukakuta mahali ukutani palipofunikwa na mwenye nyumba anasema hapana kitu, paache. Hamisha meza yako, nunua waya mrefu, kaa hata bila mtandao. Na wewe mzazi unayenisikiliza, kama kuna mtoto wako anayengoja neno kutoka kwako, mpigie leo kwa mdomo wako mwenyewe. Usifikiri neno hilo litakungoja. Kuna wanaoweza kulisema kwa sauti yako, na wakishalisema, mtoto wako anakuwa mtoto wao.